Chambo Mezani: Jinsi Kikosi Dhaifu Kinavyogeuza Uso wa Kikosi Chenye Nguvu

Mchezo wa vita vya vinyago mezani ulionifungua macho nilikuwa nimeshaupoteza kufikia zamu ya tatu, ingawa tuliendelea hadi ya sita kwa ajili ya heshima tu. Nilikuwa na wapanda farasi wanane wenye deraya, kikosi kilichokula zaidi ya robo ya pointi zangu zote za kununulia jeshi, na mbele yao, kwa umbali ambao wangeufikia kwa urahisi, yalisimama majitu ya mpinzani wangu. Badala ya kuyarudisha nyuma, alisogeza wapanda mbwa-mwitu watano, askari wa bei ya chini kabisa katika jeshi lake, akawasimamisha inchi mbili mbele ya farasi wangu, wamekaa mshazari kidogo. Niliwacheka. Niliwavamia, nikawamaliza wote bila kupoteza hata mtu mmoja, nikasonga mbele kwa kasi ya ushindi, na nilipoinua kichwa nikaona kikosi changu bora kikitazama kona ya meza isiyokuwa na kitu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na siku hiyo ukingo wenyewe ulikuwa wa meza.

Tangu hapo nimekuwa na msimamo mmoja kuhusu michezo ya vita vya vinyago vya kubuni ambayo vikosi hutembea kwa safu: ujanja wa uwanjani ni kumchagulia adui upande atakaoutazama, na kazi hiyo hufanywa vizuri zaidi na vikosi ambavyo hakuna anayejivunia kuvipaka rangi. Katika sataranji malkia hana mbele wala nyuma. Kikosi cha safu kina uso, kina mbavu na kina mgongo, na kugeuka kwake kunalipiwa. Akizunguka kwa kona, inchi anazotumia hupimwa kwenye kona ya nje, kwa hiyo kikosi kipana hulipa zaidi. Akijipanga upya papo hapo, kwa kawaida amemaliza mwendo wake wa zamu hiyo. Wapanda farasi wangu walihitaji zamu moja ya kugeuka na nyingine ya kurudi, yaani theluthi ya mchezo wa zamu sita, na bei aliyolipa mwenzangu ilikuwa mbwa-mwitu watano.

Mgeni wa mchezo huuliza kwa nini mtu asiwapige mishale tu hao mbwa-mwitu kisha aendelee na safari yake. Jibu limo katika mpangilio wa zamu. Katika toleo la nane la Warhammer Fantasy Battle, lililotoka mwaka 2010 na ambalo kundi letu bado linalicheza, uvamizi na mwendo hutangulia, uchawi hufuata, kisha mishale, na mwisho mapigano ya ana kwa ana. Kings of War, mchezo mwingine wa aina hii, nayo hutanguliza mwendo kabla ya mishale. Hivyo chambo, yaani kikosi dhaifu kilichotumwa kukuvuta, kikishasimama mbele yako, huna njia ya kukiondoa kwa mishale na kuvamia kilicho nyuma yake katika zamu hiyohiyo. Ukikivamia, unageuzwa uso. Ukisubiri, umepoteza zamu. Ukijaribu kukizunguka, unakuta umebanwa, kwa sababu huruhusiwi kupita karibu na adui ambaye hukumvamia. Kuna pia vikosi vyenye kichaa cha vita, ambavyo kanuni huvilazimisha kuvamia visipofaulu kipimo cha nidhamu, na hivyo ndivyo chakula kitamu cha mtega chambo.

Pembe ya kusimama ndiyo inayohitaji jicho. Mvamizi akigusa kikosi, lazima ajinyooshe ili uso wake ulingane na upande alioushambulia, na anayejinyoosha ni yeye, si chambo. Kwa hiyo ukikiweka chambo chako kimeinama nyuzi thelathini, mvamizi naye atainama nyuzi thelathini, na akisonga mbele baada ya kukifuta atakwenda kuelekea huko. Nilipoanza kujaribu mbinu hii niliinamisha kupita kiasi, nikidhani kwamba pembe kubwa zaidi ingempeleka adui mbali zaidi. Nilisahau kwamba mstari unaotenganisha mbele na ubavu hutoka kwenye kona kwa nyuzi 45. Ukiuvuka mstari huo, mvamizi anahesabiwa kuwa ameanzia ubavuni mwako, hujinyoosha kwenye ubavu badala ya uso, na hapo anageukia upande ulio kinyume kabisa na ule uliomkusudia. Vibete wangu wenye mashoka walipokea zimwi moja lenye furaha kwa namna hiyo.

Nyuma ya chambo nako kunataka kupangwa. Aliyekimaliza kikosi katika zamu aliyovamia anaweza kusonga mbele kwa jumla ya dadu mbili ikiwa ni askari wa miguu, na wapanda farasi huongezewa dadu ya tatu, kwa hiyo njia hiyo lazima iwe tupu kwa inchi 12 au hata 18. Ukiacha kikosi chako ndani ya njia hiyo, umempa shambulizi la pili bure. Tena chambo kikiangamia ndani ya inchi sita za wenzake, wenzake hupimwa kwa dadu kama watashikwa na hofu, na ni aibu kuona mstari mzima ukikimbia kwa sababu ya mbwa watano waliotumwa kufa. Kikosi cha kumalizia kazi kinapaswa kusimama pembeni, mahali ambapo baada ya adui kusonga kitauona ubavu wake.

Thamani ya ubavu huo inahesabika. Katika kanuni tunazotumia, safu za nyuma hukipa kikosi hadi alama tatu katika matokeo ya pambano, na kuvamiwa ubavuni na adui mwenye angalau safu mbili kamili hufuta alama hizo zote, huku mvamizi akiongezewa moja ya ubavu. Ni tofauti ya alama nne kabla hata dadu haijatupwa. Nina malalamiko yangu, kwamba toleo hilo liliruhusu kikosi chenye safu nyingi kuliko mshindi kuendelea kusimama imara hata kilipopigwa ubavuni, jambo lililowafanya wengi waache ujanja na kukusanya umati wa askari wa bei ndogo, watumwa na mifupa. Kings of War ni kali zaidi: kupiga ubavuni huongeza mashambulizi mara mbili, na kupiga mgongoni mara tatu. Hapo hakuna umati unaomwokoa mzembe.

Umbali nao una hesabu yake. Askari wa miguu mwenye mwendo wa inchi nne huvamia kwa inchi hizo nne kujumlisha dadu mbili. Humfikia adui aliye inchi nane mara 33 kati ya 36. Aliye inchi 11, mara 21. Aliye inchi 13, mara 10 tu. Akishindwa kufika, husogea kwa dadu iliyo kubwa peke yake na kubaki amening'inia mbele ya watu aliowakusudia. Mimi hupenda kuwaacha wapinzani kwenye inchi 12 au 13, kwa sababu mwenye pupa hujaribu.

Kuna wanaopenda kulikataa bawa moja, yaani kuliweka upande mmoja wa jeshi nyuma usipigane, tangu mwanzo wa kupanga jeshi, kama Epaminondas, jemadari wa Thebe, alivyofanya katika vita vya Leuctra huko Ugiriki mwaka 371 KK, alipowapanga Wathebe kwa kina cha safu 50 upande wa kushoto huku bawa lake la kulia likijivuta nyuma. Mezani mbinu hiyo inafanya kazi, lakini hata yenyewe inahitaji vikosi vya bei ndogo vya kulichelewesha bawa la adui lisilo na wa kupigana naye.

Kwa sababu hiyo, zamu mbili za kwanza za mchezo wetu siku hizi ni vita vya vikosi vidogo dhidi ya vikosi vidogo. Mishale yangu yote huelekezwa kwa mbwa-mwitu, si kwa majitu, na mwenzangu hufanya vivyo hivyo kwa tai zangu, ambao ndio chambo changu. Mara ya mwisho tulipokutana, tai mmoja alibaki hai hadi zamu ya nne, amejificha nyuma ya kilima. Nilimshusha mbele ya majitu, nyuzi thelathini, inchi mbili. Mwenzangu aliitazama pembe ile kwa muda mrefu, akachukua kipimo, akakirudisha mezani bila kupima, kisha akatangaza kwamba majitu yake yatasimama palepale.