Meli imefunga gatini

Nimerudi Tanga juzi baada ya miaka 14 Maskati. Mizigo sijafungua, nimeshafika baharini, na macho hayakuamini: meli kubwa imefungwa gatini, kamba na yote. Nyie mliobaki mmezoea. Sisi tulioondoka zamani tunakumbuka meli zikitia nanga kule katikati ya ghuba, mzigo unateremshwa kwenye matishari, ndipo uvutwe hadi nchi kavu. Mjomba wangu alikuwa kuli wa matishari. Alirudi usiku na vumbi la saruji hadi kwenye kope.

Shida ilikuwa kina. Gatini palikuwa na maji ya mita 3 hivi. Sasa pamechimbwa hadi 13, na gati lina urefu wa mita 450. Nilimuuliza mjomba anaonaje. "Kazi imekuwa nyepesi," akasema, "na watu wamekuwa wachache."

Kumbe ghuba hii haijawahi kumkaribisha mgeni kirahisi. Novemba 1914 nahodha wa manowari ya Kiingereza, Fox, aliingia kudai mji usalimu amri, akauliza kama bandari ina mabomu ya majini. Akaambiwa yapo. Hayakuwapo! Waingereza wakapoteza muda, wakashusha askari wao, wengi Wahindi, upande wa Ras Kasone. Walikuwa kama 8,000 dhidi ya Wajerumani na askari wao wapatao 1,000 tu, wakashindwa, na nyuki wakawamalizia. Bibi alikuwa akiisimulia hiyo ya nyuki kana kwamba mizinga ilikuwa yake.

Kisiwa cha Toten bado kimekaa palepale, na magofu yake ya misikiti. Utotoni hatukukanyaga huko; nimejua ukubwani kwamba jina lenyewe kwa Kijerumani ni la wafu. Mto Zigi nao bado unashuka kutoka Usambara Mashariki na kuimwagia ghuba tope lake, mikoko ikineemeka.

Ng'ambo ya kaskazini, Chongoleani, ndiko linakoishia bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443. Kwetu Chongoleani ilikuwa dagaa na ngalawa, basi.

Jioni maji ya bamvua yalipopwa nikateremka pwani na mjomba. Akanionyesha mkono, pale katikati, penye maji matupu: "Pale ndipo tulipokuwa tukisimama." Tukakaa tukipatazama hadi adhana ya magharibi.