Siku Moja Maishani Mwangu: Kuusaka Ufa wa Mbaka kwa Gesi ya Radoni

Saa 11 alfajiri, nyumbani Uyole, nakagua kwanza kopo la chembechembe za kukausha hewa. Zikiwa za buluu tunasafiri. Zikigeuka waridi zimeshiba unyevu, na mashine yetu ya kuhesabu chembe za alfa, yaani chembe ndogo mno zinazorushwa na vitu vyenye mionzi, haipatani na unyevu.

Saa 2 asubuhi tumekwisha kupita Kiwira na Tukuyu, tunateremka kuelekea ufa wa Mbaka, mpasuko wa miamba ardhini ambao kandokando yake hububujika chemchemi za maji moto. Kwenye shamba la migomba tunamwamkia mwenyeji.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, wajukuu zangu. Hayo mabomba ya nini? Mnatafuta dhahabu kama kule Chunya?”

Namweleza kwamba urani iliyomo kwenye miamba huoza polepole mpaka kuzaa radiamu, nayo radiamu huzaa radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kwa kuwa nusu ya radoni huisha kila baada ya siku 3.8, yenyewe haiwezi kufika mbali. Ila palipo na mpasuko, hewa ya ukaa inayopanda kutoka chini huibeba na kuifikisha karibu na uso wa ardhi. Bibi anatikisa kichwa, kisha anatuonya tusiikanyage miche yake.

Kuanzia saa 3 tunafuata mstari unaoukata ufa. Kila kituo tunagongomelea bomba la chuma hadi karibu mita moja, tunashindilia udongo kulizunguka ili hewa ya juu isipenye, kisha tunavuta gesi kwa pampu. Hapo ndipo subira inapohitajika: mashine huhesabu chembe za alfa za poloni, elementi inayozaliwa radoni inapooza, nayo huchukua kama dakika 15 kutulia. Vijana hunung’unika, lakini namba iliyosomwa kwa pupa ni bure.

Kwenye kituo cha saba kipimo cha radoni kinapanda kuliko vyote vilivyotangulia. Mwenzangu anashangilia, mimi naangalia kwanza toroni, ndugu ya radoni ambayo nusu yake huisha kwa sekunde 56 tu, na kwa hiyo haiwezi kuwa imetoka mbali. Zingepanda zote mbili, ningeushuku udongo wenyewe. Toroni haikupanda, ila hewa ya ukaa imepanda pamoja na radoni, na hilo ndilo linalonishawishi kwamba gesi inatoka chini zaidi.

Saa 7 mchana mvua ya Rungwe inashuka bila kubisha hodi. Maji huziba vinyweleo vya udongo na kuifungia gesi chini, hivyo vipimo vya kabla na baada ya mvua havilinganishwi. Mwaka jana nilivichanganya, nikachora ufa mahali palipokuwa na tope tu. Tunafunga kazi huku vituo vitatu vikiwa bado.

Saa 12 jioni, Uyole, nalimwaga kopo: chembechembe zote ni waridi. Nazitandaza kwenye sinia, zikaushwe kwa moto usiku huu.