Kwa Haraka Hadi Milimani, Kisha Miezi Mitatu

Somo la wiki: Luka 1:39–58

Wapendwa katika Bwana,

Luka anasema Mariamu aliondoka akaenda "nchi ya milimani kwa haraka". Tukifika hapo huwa tunakimbilia salamu na wimbo wake, na ule mstari mfupi wa 56 tunaupita tu. Unasema alikaa kwa Elisabeti kadiri ya miezi mitatu. Wiki hii tukae hapo.

Malaika alimwambia Mariamu kwamba jamaa yake ana mimba ya miezi sita. Sita na mitatu ni tisa. Kwa hiyo Mariamu alikuwepo katika ile miezi ambayo mwanamke hainami kuchochea moto bila kushika kiuno. Tena aliikuta nyumba ya wazee wawili, na mwenye nyumba ni bubu, maana Zakaria alikuwa bado hajafunguliwa kinywa. Maandiko hayatuorodheshei kazi alizofanya. Lakini wanaoishi milimani, iwe Uluguru au Usambara, wanajua nyumba ya aina hiyo inadai nini kila siku: maji, kuni, unga, na mtu wa kuzungumza naye.

Tuanze na maji. Ndoo ya lita ishirini ina kilo ishirini za maji, mbali na uzito wa ndoo yenyewe, na kijito kiko bondeni. Mwanamke hushuka mikono mitupu akapanda na mzigo kichwani, mara mbili au tatu kwa siku. Basi anayemtembelea mjamzito wa miezi saba, akaketi kwenye kigoda, akaomba, akanywa chai iliyopikwa kwa maji aliyoyachota mjamzito mwenyewe, amemwongezea safari moja ya mtoni. Hodi yetu iingie na dumu limejaa. Sala itafuata, na itaombwa vizuri zaidi mama yule akiwa amekaa.

Jambo la pili ni kuhesabu. Elisabeti alijua yuko mwezi wa ngapi, na Mariamu aliambiwa. Wengi wetu hatuhesabu, na hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia. Hesabu yenyewe ni rahisi: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku saba, kisha rudi nyuma miezi mitatu. Aliyeanza hedhi tarehe 14 Juni atarajie kujifungua karibu na tarehe 21 Machi. Ukiiona tarehe hiyo unajua na jambo jingine: masika yatakuwa yameanza. Njia ya udongo mwekundu itateleza, bodaboda haitapanda, na daraja la magogo linaweza kuwa limekwenda na maji. Mama asiyekumbuka tarehe aulizwe kwa matukio. Ilikuwa kabla ya Saba Saba au baada yake? Mahindi yalikuwa yamevunwa? Siku ya Pasaka ulikuwa unaona damu? Ukimpeleka kliniki mapema, kabla ya wiki kumi na mbili, mkunga atalinganisha jibu lake na ukubwa wa mimba. Akienda kwa mara ya kwanza mwezi wa saba, makadirio yanapotea kwa wiki nyingi, na maandalizi yote yanapotea nayo.

Kliniki atapewa vidonge vya kuongeza damu, na hapa mtembeleaji ana kazi. Vidonge hivyo hufanya choo kiwe cheusi, na vinaweza kuleta kichefuchefu. Wapo akina mama wanaoogopa, wakavificha chini ya godoro. Mwambie mapema kwamba choo cheusi si ugonjwa. Avimeze usiku baada ya chakula, kwa maji na kipande cha chungwa kama lipo, wala asivimeze na chai ya rangi, kwa kuwa chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai na inywewe saa moja au mbili kabla au baada. Damu atakayoiweka mwilini sasa ndiyo akiba yake siku ya kujifungua.

Sasa tuje kwenye lililo zito zaidi. Mama anayeishi mwendo wa saa tatu au nne kutoka kwenye kituo asisubiri uchungu umkute nyumbani. Panapokuwa na chigonela, yaani nyumba ya kusubiria iliyo karibu na kituo cha afya au hospitali, aende wiki mbili au tatu kabla ya tarehe yake. Aliyewahi kupasuliwa, aliyewahi kutokwa damu nyingi, mwenye mapacha au mwenye shinikizo la damu asiijadili hata kidogo. Akina mama wengi wanalijua hili, wala si wakaidi. Hawaendi kwa sababu nyumbani hakuna wa kubaki. Nani atawapikia wale watoto watatu? Nani atafungua mbuzi? Ngedere wataingia shambani, na yeye amekaa mjini akisubiri. Na kule chigonela mara nyingi lazima uwe na unga wako na maharage yako mwenyewe.

Kwa hiyo, kwa mama wa namna hii, kutembelea ni kubaki nyumbani kwake ili yeye aende. Jumuiya ya kaya kumi na mbili inaweza kupanga zamu: mmoja analala na watoto, mwingine anashughulikia mbuzi na maji, wengine wanachanga chakula. Kwa wiki tatu mtu mmoja anahitaji kama kilo kumi na mbili za unga, kilo tano za maharage, mafuta lita moja, chumvi na sukari kidogo. Gawa kwa kaya kumi na mbili uone kama kuna nyumba itakayoumia. Na maneno haya aambiwe mume na mama mkwe pia, kwa heshima, wakiwa wamekaa, tena mapema mwezi wa saba. Ruhusa inayoombwa uchungu ukiwa umeshaanza hucheleweshwa na hofu.

Mfuko wake ufungwe kuanzia wiki ya 34: kadi ya kliniki juu kabisa, khanga safi nne au tano zilizofuliwa na kuanikwa juani, kofia na soksi za mtoto, nepi za kitambaa, pedi, sabuni, beseni, mpira wa kujifungulia, glavu na wembe mpya, kwa kuwa si kila kituo kina vya kutosha. Fedha za nauli zikae humo humo, zisikae kwa mtu anayesafiri. Watakaomsindikiza wawe wawili wenye afya, waliokula, walio tayari kutoa damu ikihitajika.

Hata kwa maandalizi yote, dharura huja. Katika Tanzania kuna namba 115 ya mfumo wa m-mama, ambayo hupigwa bure kwa ajili ya mjamzito, mzazi au mtoto mchanga aliye hatarini. Anayepokea huuliza maswali, kisha hutafuta gari la wagonjwa, au dereva wa karibu aliyesajiliwa, ambaye familia haimlipi. Kinachokwamisha huku kwetu ni mtandao. Kila kitongoji kina jiwe au mwembe ambako simu hushika. Watoto wa nyumba hiyo wapajue mahali hapo, na simu isiishiwe chaji mwezi wa mwisho. Na gari litaishia barabarani, hivyo kumfikisha barabarani ni kazi ya machela: miti miwili iliyonyooka ya kama mita mbili na nusu, blanketi zito lililozungushwa na kufungwa vizuri, wanaume wanane wakipokezana wanne wanne, na tochi mbili. Mama alazwe ubavu wa kushoto. Akilala chali, tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, naye anaweza kuzimia njiani. Machela itengenezwe kabla, ijaribiwe kwa kumbeba kijana mzima, kisha ihifadhiwe darini.

Dalili za kutosubiri asubuhi ni hizi: kutokwa damu ukeni, kichwa kuuma sana na macho kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, maji ya uzazi kutoka, mtoto kuacha kucheza kama kawaida. Baada ya kujifungua, pedi au kitambaa kikilowa chapachapa ndani ya saa moja, ondokeni. Huku mkienda, kama kondo la nyuma limeshatoka, sugua tumbo la uzazi chini ya kitovu kwa kiganja mpaka liwe gumu kama ngumi, mama akojoe, mtoto awekwe kwenye titi, na mama afunikwe. Kutokwa damu namna hii huua ndani ya saa chache. Ndugu wapendwa, wanaokesha wakiomba na wanaobeba machela wasiwe makundi mawili tofauti. Wanaweza kuomba wakitembea.

Isaya 40:11 inasema Mchungaji atawachukua wana-kondoo kifuani mwake. Mstari huu tunauimba, na milimani una maana ya mkono na ngozi. Usiku wa Usambara au Uluguru ni baridi, na mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya kilo mbili na nusu hupoteza joto upesi. Wengi huleta jiko la mkaa chumbani wakafunga dirisha. Tafadhali, hapana. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuonya, na huua mama na mtoto waliolala. Kifua cha mama ndicho jiko lake. Mtoto avuliwe abaki na nepi, kofia na soksi, asimamishwe katikati ya matiti, kifua kwa kifua, kichwa kikigeukia upande mmoja, kidevu kikiinuliwa kidogo ili shingo isikunjike. Miguu ikunjwe kama ya chura. Khanga ifungwe hadi chini kidogo ya sikio lake, ikaze kwenye kifua na ilegee kwenye tumbo, maana mtoto mchanga hupumulia tumbo. Wanaokosea hukaza tumbo, au hufunga chini mno, mtoto akateleza, pua ikazama. Mama alale ameegemea mito. Akichoka, baba avue shati, amweke mtoto kifuani kwake. Kifua cha baba nacho kina joto, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Kila saa chache gusa nyayo na tumbo. Nyayo baridi na tumbo lina joto, mtoto ameanza kupoa, mfunge vizuri zaidi. Vyote viwili vikiwa baridi, au amekataa titi, au anapumua mara sitini na zaidi kwa dakika akiwa ametulia, ni safari ya kituoni, naye akiwa hapo hapo kifuani. Dang'a asinyimwe, yale maziwa mazito ya njano ya siku za kwanza, na titi aanze ndani ya saa moja. Maji, glukosi na dawa za tumbo za kienyeji zisubiri, miezi sita ni titi tu. Kitovu kiachwe kikavu. Majivu, masizi na kinyesi cha ng'ombe huingiza vijidudu vya pepopunda. Bibi anayeleta majivu analeta alichofundishwa kwa upendo, kwa hiyo mjibuni kwa upendo, mkimpa kazi ya kumfunga mjukuu khanga.

Mstari huo wa Isaya una kipande kingine tunachokisoma haraka: wanyonyeshao atawaongoza polepole. Yakobo naye, alipokutana na Esau, alikataa kwenda mwendo wa wanaume mia nne, kwa kuwa watoto ni wachanga na mifugo inanyonyesha. Alitaka wote waende kwa mwendo wa walio dhaifu. Mzazi wa siku kumi anayerudi na jembe shambani kwa kuwa palizi imefika ameachwa peke yake na mwendo wa Esau. Palizi ya robo ekari ni asubuhi moja kwa watu sita. Siku za kliniki baada ya kujifungua, zikiwemo siku ya saba na ya arobaini na mbili, mtu amshikie mzigo njiani, ili abebe mtoto peke yake.

Elisabeti alipojifungua, majirani na jamaa walifurahi pamoja naye. Lakini kwa mpangilio wa Luka, Mariamu alikuwa ameshashuka kurudi kwake, na yeye mwenyewe alikuwa na mimba ya karibu miezi mitatu. Miezi ya kichefuchefu na usingizi mzito aliimaliza akimtumikia mwingine. Baadaye zamu yake ilipofika alikuwa safarini Bethlehemu, na mtoto akalazwa horini. Katika jumuiya zetu yupo mwanamke kama huyo, anayetangulia kila mara na dumu la maji, hata hatumuulizi hali yake. Jumapili baada ya ibada, kabla watu hawajatawanyika, muulizeni hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini, mwandikeni jina kwenye daftari, mhesabu tarehe.