Mchezo wa kaseti: kanuni mpya na jaribio linalofuata

Toleo la kwanza la mchezo huu ninaoubuni lilikuwa la karata pekee. Kila karata ilikuwa na picha ya kumbukumbu fulani, na kila raundi mchezaji alitupa moja. Watu walitupa huku wanacheka, maana picha ya barua si barua. Nimeziondoa zote, nikaweka kaseti za kweli.

Sasa kila mchezaji anapewa kaseti nne na kalamu. Kwenye lebo anaandika sauti ambayo angependa kuwa nayo: marehemu babu akisimulia, mtoto anajifunza kuhesabu, chochote. Zamu ikimfikia, anaweza kurekodi juu ya kaseti ya mwenzake, yaani kubandika lebo yake juu ya ile ya awali. Kinga imo kwenye kaseti yenyewe: nyuma ina vijipande viwili vya plastiki, kimoja kwa kila upande. Ukikivunja, kinasa sauti kinakataa kurekodi upande huo. Ukiziba tundu kwa seloteipu, kinakubali tena. Nimeichukua ilivyo, na seloteipu ndiyo silaha kali kuliko zote mezani. Ule mlio wa plastiki inayokatika hunyamazisha watu.

Adhabu ya kuchelewesha zamu ni kurudisha utepe kwa penseli. Kaseti ya dakika 60 hukimbiza utepe kwa takriban sentimita 4.76 kwa sekunde, kwa hiyo upande mmoja unafika karibu mita 86. Hajatokea wa kuumaliza.

Kanuni inayonisumbua ni ya kunakili. Ukinakili maneno ya lebo kwenye kadi na kuiachia kaseti, unapata pointi nyingi kuliko kwa njia nyingine yoyote. Hata hivyo wachezaji wengi wanaikwepa, wanashindwa mchezo na kaseti zao mkononi. Watafiti Kahneman, Knetsch na Thaler waliandika mwaka 1990 kuhusu watu waliopewa vikombe muda mfupi tu kabla: walitaka kuviuza kwa takriban mara mbili ya bei ambayo wanunuzi walikuwa tayari kutoa. Kwa hiyo huenda kumiliki tu kunatosha. Mimi nadhani mwandiko unachangia zaidi.

Jaribio linalofuata: nusu ya wachezaji watapewa lebo zilizokwisha kuchapwa, nusu wataandika wenyewe. Pointi za kunakili sizigusi. Wenye lebo za kuchapwa wakiziachia kirahisi, kalamu itabaki kwenye boksi la mchezo, wasipoziachia, naiondoa.