Kujisema Vibaya Ndiko Kunakotunyima Usingizi

Wengi wetu tunaowaza kupita kiasi huamini kwamba tunalifikiria tatizo ili tulitatue. Mimi pia niliamini hivyo kwa muda mrefu, mpaka nilipoanza kuyasikiliza maneno yenyewe yaliyokuwa yakipita kichwani mwangu, nikagundua kwamba hayakuwa fikra za mtu anayetafuta njia, bali hukumu fupi fupi zinazorudiwa: mimi ni mzembe, watu wamenichoka, mambo yangu hayanyooki. Mwanasaikolojia wa Marekani Susan Nolen-Hoeksema, aliyeichunguza tabia hii tangu miaka ya 1980 hadi alipofariki mwaka 2013, alionyesha kwamba kuizungukazunguka huzuni na sababu zake bila kuchukua hatua yoyote huirefusha huzuni hiyo, na tena humpunguzia mtu uwezo wa kulitatua jambo lililomsumbua.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama hapa Uyole, Mbeya. Jioni moja ya Julai, katika baridi yetu ile inayomfanya mtu alale na soksi, mwenyekiti alinitumia ujumbe: "Mama Neema, kesho nikuone mara moja." Hapakuwa na neno lingine. Kabla sijazima taa nilikuwa nimeshajiambia kwamba hesabu zangu zina kasoro, kwamba wanachama wameshakaa kikao bila mimi, na kwamba kila mtu alijua tangu mwanzo kuwa sikustahili kukabidhiwa sanduku. Asubuhi nilimwamkia shikamoo kwa sauti ya mtu anayekwenda kujieleza baraza la kata. "Marahaba, mwanangu," alijibu, kisha akaniuliza kama masufuria makubwa ya kikundi yalikuwa yamekodishwa Jumapili, kwa kuwa mjukuu wake alikuwa anapata kipaimara.

Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliligundua jambo hili kwa wagonjwa wake katika miaka ya 1960. Aliona kwamba nyuma ya mazungumzo yao kulikuwa na mawazo mengine mafupi, yanayojileta yenyewe kwa kasi, ambayo mgonjwa huyaamini bila kuyahoji kwa sababu hata hajui kwamba yamepita. Tiba aliyoijenga juu ya msingi huo haimtaki mtu ayafukuze mawazo hayo, bali inamtaka ayakamate, ayaandike, kisha ayaulize ushahidi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wahamasishaji wanaotuambia tusimame mbele ya kioo na kujisifu. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Kanada, ambamo watu wasiojithamini waliorudia kujiambia kwamba wao ni watu wa kupendwa walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao ambao hawakuirudia kauli hiyo. Sikushangaa. Mtu aliyekwisha kujihukumu kuwa mzembe, akijiambia kuwa yeye ni shujaa, moyo wake unajua kwamba anadanganywa, na ubishi unaanza upya.

Kilichonisaidia mimi ni kuyatendea maneno yangu kama ninavyolitendea daftari la kikoba. Daftari halikubali niandike kwamba wanachama hawalipi. Linataka jina, tarehe na kiasi cha marejesho kilichobaki. Basi kwenye kurasa za nyuma za daftari langu binafsi nikapiga mstari katikati, kushoto nikawa naandika sentensi jinsi ilivyokuja, bila kuipamba, na kulia ninachokijua kweli. Kushoto: "Mwenyekiti amenikasirikia." Kulia: "Mwenyekiti ameomba kuniona kesho, hakusema sababu." Sentensi ya kulia haina sifa wala faraja yoyote, lakini inaweza kulaliwa. Na pale ambapo upande wa kulia unathibitisha kwamba kweli kuna hesabu isiyolingana, jambo lenyewe linageuka kazi ya Jumamosi, na kazi ya Jumamosi si sababu ya kukesha Jumanne.

Mbinu nyingine, ambayo mwanzoni niliiona ya kitoto, ni kujiita jina. Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake waliandika mwaka 2014 kwamba watu waliojizungumzia kwa majina yao, badala ya kusema "mimi", walilikabili jambo la kuwatia wasiwasi, kama vile kuhutubia mbele ya watu, wakiwa watulivu zaidi. Ninapojiambia, "Mama Neema, hebu ngoja kwanza," nasikia sauti ninayoitumia kwa jirani anayenijia na shida zake, na jirani huyo sijawahi kumwita mzembe.

Hata hivyo, daftari lina mipaka yake. Mtu anayekosa usingizi wiki baada ya wiki, anayeacha kula au anayetamani kufa anahitaji mhudumu wa afya, naye aanzie zahanati au hospitali iliyo karibu bila kuogopa utani wetu wa kumwambia kila mwenye mawazo kwamba anafaa kupelekwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma. Utani huo umewafanya wengi wanyamaze.

Ninajaribu pia kuangalia ni wapi sentensi hizi zinapoanzia, kwa sababu nyingi ninazijua sauti zake: ni za wakubwa walionilea kwa nia njema, waliomwambia mtoto aliyemwaga maziwa kwamba yeye ni mtu wa hasara. Kwa hiyo sasa nikikagua madaftari ya Neema najizuia kutamka kwamba ana kichwa kizito, hata ninapokuwa nimechoka na moshi wa jiko unaniingia machoni. Nasema, "Swali la tatu umesahau kubeba moja." Yeye huchukua ufutio na kuniuliza, "Kwa hiyo nifute la tatu peke yake?"