Accelerate: si kila kinachokwenda mbio kinaongeza kasi

Muulize mwanafunzi wa sekondari hapa Mwanza maana ya kitenzi cha Kiingereza "accelerate". Mara nyingi atajibu, "kwenda kasi". Jibu hilo humponza kwenye mtihani wa fizikia, na akikua humponza tena kwenye barua za ofisini na mikataba ya mkopo. Kitenzi hiki hakielezi chombo kina kasi kiasi gani. Kinaeleza kwamba kasi inabadilika.

Chukua daladala inayotoka Buhongwa kwenda mjini. Dereva anakanyaga mafuta, na baada ya sekunde 5 gari limetoka sifuri hadi kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde. Gawanya 10 kwa 5: mchapuko ("acceleration"), yaani kiasi ambacho kasi inabadilika kila sekunde, ni mita 2 kwa sekunde kwa sekunde. Katika sekunde hizo 5 ndipo unaposema "the bus is accelerating". Gari likishatulia kwenye kilomita 36 na barabara imenyooka, mchapuko ni sifuri, hata kama mwendo bado upo. Halafu kuna sehemu inayowachanganya wengi: kwa mwanafizikia, gari linalofunga breki nalo lina mchapuko, ila wa kuelekea kinyume cha mwendo. Hata linalokata kona bila kubadilisha mwendo lina mchapuko, kwa sababu uelekeo umebadilika. Kwa mtu wa mtaani, "accelerate" ni kuongeza tu, na kupunguza ni "slow down" au "decelerate". Kwenye mtihani fuata ya fizikia.

Usiichanganye pia na "speeding". Hilo ni kosa la barabarani: kupita mwendo ulioruhusiwa, ambao kwenye makazi hapa nchini ni kilomita 50 kwa saa. Anayekwenda 80 pale bila kasi yake kupanda wala kushuka anafanya "speeding", lakini hafanyi "accelerating".

Sasa sarufi. Kiswahili hubadilisha umbo la kitenzi: kasi inaongezeka, jua linaongeza kasi. Kiingereza kinaacha umbo lilelile. Pale Mwaloni Kirumba, mwanika dagaa anaweza kusema "drying accelerates in hot sun" (ukaukaji unashika kasi) au "hot sun accelerates drying" (jua linaharakisha ukaukaji), na zote ni sahihi. Usiongeze "up" baada ya "accelerate". Hiyo ni ya "speed up". "Accelerate the speed" nayo ni kurudia, maana kasi imeshatajwa ndani ya kitenzi. Na tarehe haifanyiwi "accelerate": harusi ikisogezwa kutoka Desemba hadi Oktoba, sema "brought forward".

Kwa mtoto anayechelewa shule, "accelerate" inachekesha. Mwambie "hurry up".

Kwenye barua ya kufuatilia leseni au kibali, neno linalofaa ni "expedite": "Kindly expedite the processing of my application." Limetokana na Kilatini, likiwa na maana ya kufungua miguu iliyonaswa, na ndivyo linavyofanya kazi hadi leo: kuondoa kinachokwamisha jambo. Litajie jambo lenyewe. "Kindly expedite" peke yake inaacha msomaji akijiuliza aharakishe nini. "Hasten" ni ndugu yake, ila hupenda mambo yasiyotamaniwa, kama kifo au kuanguka kwa biashara, na herufi "t" haitamkwi.

Palipo na hatari zaidi ni kwenye mkataba wa mkopo. Ukikuta "the Lender may accelerate the loan", usidhani fedha zitatoka haraka. Maana yake ni kwamba ukivunja masharti, kwa kawaida kwa kukosa marejesho, mkopeshaji anaweza kudai salio lote kwa mara moja. Tuseme mvuvi amekopa shilingi 6,000,000 za injini ya boti, arejeshe 500,000 kila mwezi kwa miezi 12, tuache riba kando. Amelipa miezi 4, kisha akakwama. Bila kifungu hicho anadaiwa rejesho lililochelewa, 500,000. Kikitumika, anadaiwa 4,000,000 zote sasa hivi. Kabla ya kusaini, uliza mambo matatu: ni marejesho mangapi yakikosekana ndipo kifungu kinaanza kazi, utapewa notisi ya siku ngapi, na je, ukilipa kilichochelewa ndani ya notisi mkopo unarudi kwenye ratiba yake? Majibu yawe yameandikwa ndani ya mkataba. Ya mdomoni hayakusaidii.

Kuandika: "c" mbili, "l" moja, "r" moja. "C" ya kwanza hutamkwa k, ya pili s. Ulimi wetu umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo wengi husema "akselereiti" na kukaza "rei". Mkazo uko kwenye "se": ak-SE-le-reit.