Twiga Aliyefuliwa

Simu imegoma. Tangu juzi kila nikitaka kupiga picha inaniambia nafasi imejaa, na nikikubali kufuta inaniuliza tena kama kweli nataka, utadhani inajua udhaifu wangu. Basi leo Jumapili nimetoka ibada ya kwanza, manyunyu yanadondoka, Mlima Kilimanjaro haujatoka mawinguni tangu Alhamisi. Nikajifunga kitenge juu ya sweta, nikaweka chupa ya chai pembeni, nikaanza kazi. Picha 11,000 na ushee. Za harusi, vipaimara na misiba ya ukoo hazifiki 2,000. Zilizobaki ni wanyama, michoro na vituko nilivyookota mtandaoni kwa miaka sita.

Mpaka saa hizi nimefuta 14.

Ugonjwa huu niliupata kazini, steshenari, si mbali na stendi. Kuna saa za mchana wanafunzi wako darasani, mashine ya kopi imepoa, intaneti analipia bosi. Siku moja kijana wa kidato cha pili akaja kutaka picha ya kifaru ya kubandika kwenye kazi yake ya shule. Nikatafuta. Katika zilizokuja, moja ilinichekesha peke yangu: kifaru amevaa mabamba kama askari wa vitani, mabamba yana misumari, miguu ina magamba kama ya sato, na juu ya mabega kaota kipembe kingine kidogo kilichojisokota kama skrubu. Kijana nikamtolea kifaru wa kweli. Yule wa uongo nikabaki naye.

Baadaye nikasoma habari zake. Aliyemchora ni Albrecht Dürer, Mjerumani wa Nuremberg, mwaka 1515, na kifaru hakuwahi kumwona kwa macho yake. Kuna kifaru aliletwa kwa meli kutoka India hadi Lisbon. Habari zake zikamfikia Dürer kwa maandishi na kamchoro, naye akamalizia mwenyewe pale pasipoeleweka. Ikachongwa kwenye ubao, ikachapwa. Kifaru mwenyewe alizama na meli pwani ya Italia, akipelekwa kwa Papa kama zawadi. Ila mchoro uliogelea: kwa zaidi ya miaka mia mbili wachoraji wa Ulaya waliendelea kunakili kifaru huyu huyu, na kipembe chake cha mgongoni.

Nilimcheka, halafu nikajishtukia. Mimi ni mtoto wa Moshi, nimekulia Majengo, na kifaru wangu wa kwanza alikuwa kwenye noti ya elfu tano. Simba kwenye elfu mbili. Tembo kwenye elfu kumi, na huyo kwetu hakuwa analala. Twiga wa kweli nilimwona nikiwa na miaka 24, kwenye dirisha la basi la Namanga, maeneo ya Longido, tena nilikuwa nimesinzia, jirani yangu ndiye aliyenigusa bega. Kiingilio cha Mtanzania hifadhini si kikubwa. Kinachotushinda ni gari. Kwa hiyo nami ningepewa karatasi na kuambiwa nichore kifaru, sijui ningeweka pembe ngapi na wapi.

Tangu hapo naokota zaidi zile picha zilizokosewa, au zilizochorwa na mtu aliyekuwa anashangaa. Ninaye twiga wa China. Mwaka 1414 mfalme wa huko aliletewa twiga kama zawadi kutoka Bengali, na mwaka uliofuata akaja mwingine kutoka Malindi, hapa hapa pwani kwetu. Wachina wakasema huyu ndiye qilin, mnyama wa heri wa hadithi zao, wakamchora. Madoa yake yamepangwa kama vigae vya bafuni, kimoja kimoja, bila haraka. Mbele yake amesimama mtu ameshika kamba, na twiga anatazama juu kabisa ya kichwa chake. Kila nikimwona yule bwana namwona utingo wa gari la mbao: kamba anayo mkononi, lakini mwenye uamuzi wa kuondoka si yeye.

Nina folda nzima ya wanyama wa michoro ya Tingatinga pia. Hawa nao watalii wanawanunua Arusha na hapa mjini kama vile ni sabuni, na wengi hawajui kwamba Tingatinga lilikuwa jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwenye vipande vya hadibodi. Hakupata hata miaka mitano ya kazi hiyo. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumfananisha na mhalifu. Nikiona chui mwenye madoa ya mviringo anauzwa barabarani huwa nakumbuka hilo, halafu muuzaji ananiambia, "Dada, hiyo nakupa kwa bei ya mwenyeji," na tunaendelea na maisha.

Aibu yangu kubwa iko kwenye folda ya Ziwa Natron. Wengi mmeiona ile picha: furukombe amekaa kwenye tawi juu ya maji, mwili mzima umekuwa kama saruji, macho wazi. Nilipoipata nikairusha kwenye kundi la ukoo usiku ule ule: ziwa linalogeuza viumbe kuwa mawe papo hapo, na liko mkoa wetu wa jirani! Mjomba wangu, dereva wa watalii, hakujibu mpaka asubuhi. Akaandika mstari mmoja: "Mimi Natron naingia kila mwaka, mbona bado nadaiwa ada za shule?"

Kumbe mpiga picha, Nick Brandt, aliwaokota wakiwa wamekwisha kufa, wamesukumwa ufukweni, wamekaushwa na magadi na chumvi. Akawachukua akawapanga juu ya matawi na mawe kana kwamba wako hai, akawapiga. Picha zilitoka mwaka 2013, na hakuficha alivyofanya. Waliosambaza ndio walioacha maelezo njiani, mimi nikiwamo. Tena ziwa hilo la kutisha ndilo wodi ya wazazi ya heroe wadogo, flamingo wale wa waridi, kwa Afrika Mashariki yote. Wanataga katikati ya magadi kwa sababu wanaowawinda wanaogopa kuingia. Kwa siku kadhaa nilijiona nimetapeliwa. Sasa naipenda picha ile kuliko mwanzo. Namfikiria mtu mzima ameinama kwenye matope yanayochoma, anamkalisha ndege mfu vizuri kwenye tawi, anarudi nyuma, anatazama, anarudi kumgeuza shingo kidogo.

Hapo nilipofika, mama akaja kukaa pembeni yangu na miwani yake, kuona ninachofanya badala ya kumenya ndizi. Nikamwonyesha twiga mweupe wa Tarangire.

"Huyu wamemfua?"

"Anaitwa Omo, mama."

Alicheka mpaka akavua miwani. Nami sikumtania, ni jina lake kweli. Waongoza watalii walimpa kwa ajili ya sabuni ya unga. Mtafiti Derek Lee na wenzake walimpiga picha, na mwanzoni mwa 2016 akasambaa dunia nzima. Si zeruzeru: ngozi ndiyo haitengenezi rangi ya kutosha, lakini macho yake ni meusi na manyoya ya shingoni yana wekundu. Mama akauliza kama wenzake wanamtenga. Nikamwambia kwenye picha yuko katikati yao. Akasema, "Basi wana akili," akaniagiza nimtolee kopi ya rangi, nimwekee na laminesheni, aibandike jikoni. Twiga wa kwanza kuingia jiko lile.

Kutoa kopi nako kuna kisa. Mwaka juzi mteja alitaka kalenda zenye tembo na mlima nyuma. Nikachagua picha kutoka kwenye hazina yangu, nikatoa nakala 40, moja nikaibandika ukutani kama tangazo. Haikupita wiki, kaka mmoja akaja kupiga pasipoti saizi, akainua macho. "Dada, hii nimepiga mimi." Akafungua simu akanionyesha tembo yule yule, picha tisa mfululizo, sikio limefunguka, sikio limefunga. Nilitamani mashine ya kopi inimeze. Nikampa pesa akakataa, nikampa soda akapokea. Alichotaka ni jina lake liandikwe, na niliandika kwa kalamu kwenye zile zilizobaki.

Tangu siku ile za kuchapa nachukua kwenye makumbusho yaliyofungua milango. Metropolitan ya New York ilifungua mwaka 2017, zaidi ya picha 375,000 za kazi zilizokwisha muda wa hakimiliki; Smithsonian ikafuata 2020 na milioni 2.8. Unachukua, unachapa, hakuna anayekuja kuinua macho ukutani. (Hata nyani ameshafika mahakamani. Yule wa Sulawesi, Indonesia, aliyejipiga selfi kwa kamera ya mpiga picha David Slater mwaka 2011, watetezi wa wanyama walifungua kesi Marekani kwa niaba yake, na 2018 mahakama ya rufaa ikasema nyani hawezi kudai hakimiliki. Selfi yenyewe ni nzuri kuliko zangu zote.)

Lakini hizi za simuni nyingi hazina mwenyewe. Majina yake ni tarehe na namba tu, jinsi zilivyoingia kutoka WhatsApp. Leo badala ya kufuta nimejikuta nabadilisha majina: nani alichora, wapi, lini. Saa mbili zimekwisha hivyo, na nafasi bado imejaa.

Moja nimeipiga mwenyewe. Ukuta wa bucha njia ya Mbuyuni, ng'ombe amesimama kwa miguu miwili, amefunga aproni, ameshika kisu, anacheka meno yote. Ng'ombe hana meno ya juu mbele, kila aliyefuga anajua, lakini huyu kapewa safu mbili kamili kama za tangazo la dawa ya meno. Sasa ukuta umepakwa rangi nyingine. Jana nilipita nikamuuliza mwenye bucha nani alichora. Akasema ni fundi mmoja alikuja mwaka ule, akalipwa nusu kwa pesa na nusu kwa maini, akaenda zake. Jina? Akamgeukia mkata nyama, mkata nyama akamgeukia mteja. Wote wakawa wanamkumbuka kwa baiskeli yake.

Nimeiandika hivi: Ng'ombe wa Mbuyuni, mwenye baiskeli nyekundu, nusu maini.